Siri ya Mwenzako ni Amana

Mazungumzo ya redio. Somo: Yohana 4:5–30

Labda uko Ukunda unatayarisha chakula cha jioni, au uko Msambweni umetoka shambani, au uko Lunga Lunga dukani kwako. Popote ulipo, karibu tukae pamoja kwa dakika hizi chache.

Leo napenda tutafakari swali moja. Mtu akikufungulia moyo wake, akakueleza jambo ambalo hata mama yake hajalisikia, maneno yale ni mali ya nani?

Wazee wetu walisema, siri ya mtungi aijuaye ni kata. Kata huingia mpaka chini, ikajua kama maji ni safi au yana tope. Lakini kata haina kinywa. Siku hizi, ndugu zangu, kata ni nyingi. Yuko mshauri nasaha aliyekodi chumba chake Diani. Yuko muuguzi wa hospitali, yuko mwalimu, yuko kasisi, yuko mama wa kanisa ambaye mabinti humkimbilia. Wote hawa huingizwa mtungini mwa watu, na tofauti yao na kata ni kwamba wao wana vinywa.

Nanyi mwaijua pwani yetu ya kusini. Hapa watu wanajuana. Ukiingia mlango fulani asubuhi, jioni watu wanakuuliza ulifuata nini. Kwa hiyo wako watu wenye taabu ambao hupanda matatu Ukunda, wakavuka kwa feri Likoni, wakaenda kumtafuta mshauri Mombasa, na huku kwao mshauri yupo. Nauli hawana, lakini hofu wanayo. Wanaogopa kuonekana, na zaidi ya hapo wanaogopa kusemwa. Na wengine hawaendi popote. Hukaa na mzigo wao mpaka unawavunja.

Fikiri juu ya mtu aliyefikia kutaka kujiua. Kwa miaka mingi, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Ni mwezi wa Januari 2025 tu ambapo Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Mtu wa namna hiyo angemwambia nani? Alihitaji kwanza kujua kwamba chumba anachoingia kina mlango, na kwamba anayemsikiliza ana kufuli mdomoni. Kwake yeye, usiri ni uzima au mauti.

Serikali imelitambua jambo hili. Katiba ya 2010, katika Ibara ya 31, inampa kila mtu haki ya faragha, hata mambo ya jamaa yake yasitangazwe pasipo lazima. Kabla ya hapo, sheria ya Ukimwi ya mwaka 2006 ilikuwa imekwisha kukataza kufunua matokeo ya kipimo cha mtu bila ridhaa yake, isipokuwa katika hali ambazo sheria imezitaja. Mwaka 2014 ikatungwa sheria ya kuwasimamia washauri nasaha na wanasaikolojia. Halafu sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 iliweka habari za afya ya mtu katika fungu la habari nyeti. Mwenye kuzihifadhi, zikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mtu, ana saa 72 za kumwarifu Kamishna wa Data. Basi mshauri ambaye daftari lake limeibwa haruhusiwi kunyamaza na kutumaini kwamba hakuna atakayejua.

Na Kanisa letu halikungoja sheria hizo. Kanuni za Kanisa la Uingereza za mwaka 1603, katika kanuni ya 113, zilimkataza kasisi kufunua aliyoungamiwa kwa siri.

Sasa tumwangalie Bwana wetu pale kisimani Sikari. Ni saa sita ya mchana. Mwanamke anakuja kuteka maji. Yohana anatueleza jambo ambalo sisi hulipita haraka: wanafunzi walikuwa wamekwenda mjini kununua chakula. Basi Yesu alipogusa mambo ya nyumbani kwake, habari ya wale waume watano, hapakuwa na mtu wa tatu. Wanafunzi waliporudi walishangaa, lakini hakuna aliyeuliza walikuwa wakizungumza nini, wala Yesu hakuwaita pembeni akawaeleza. Baadaye alikaa katika mji ule siku mbili, na hatusomi kwamba alimsimulia mtu yeyote habari za mama yule. Ni nani aliyekwenda kusema mjini? Ni mwanamke mwenyewe. Aliuacha mtungi wake, akaenda, akasema alichotaka kusema, kwa watu aliowataka, kwa wakati wake. Habari ilikuwa yake. Na Yohana alipoiandika ili sisi tujifunze, jina la mama yule hakulitaja.

Hilo ndilo jibu la swali letu. Siri ni mali ya mwenyewe. Wewe uliyeisikia umewekewa amana tu. Na amana haitumiwi na aliyewekewa, hata kwa jambo jema.

Kwanza, nasema na ninyi mnaofanya kazi ya ushauri. Angalieni chumba. Ukuta wa mbao nyembamba husikiza watu wa nje. Usiite jina la mtu kwa sauti mbele ya wanaongoja. Daftari lifungiwe kabatini, na simu iwe na namba ya siri. Anayepokea wageni na anayefagia waelezwe kwamba nao wamewekewa amana. Na ukikutana na mtu wako sokoni, msalimu kama jirani, kwa maana kwetu kumpita mtu kimya ni tusi. Lakini usimwulize, "Je, lile jambo limefika wapi?" Swali hilo moja limekwisha kumfunua.

Pili, atakuja mtu kudai siri. Mume atasema, "Ni mke wangu, nina haki ya kujua." Meneja wa hoteli atasema, "Ni mfanyakazi wangu, na mimi ndiye niliyelipa." Mjibu kwa heshima kwamba aliyelipa ada hakununua siri. Kama mke au mfanyakazi anataka isemwe, ataisema mwenyewe au atatoa ruhusa.

Tatu, nasema nasi watu wa kanisa. Iko njia moja ya kumwaga siri ambayo huvaa kanzu. Husema, "Ndugu, tumwombee dada fulani, ndoa yake imeingia matatani." Hapo sala imekuwa barua ya habari, na kabla ya Amina habari imefika Kinondo. Ukitaka kumwombea, Mungu anamjua pasipo kutajiwa jina mbele ya watu ishirini. Hata ukificha jina, ukisema ni mwalimu, mama wa watoto watatu, wa shule ile karibu na barabara, umeficha nini? Nasi wahubiri tusiwachukue waliotulilia faraghani tukawageuza kuwa mifano ya mimbarini.

Lakini labda mmoja wenu anauliza, "Je, kila siri ifichwe?" La, hasha. Mtoto akiwa anadhulumiwa, kunyamaza si uaminifu, ni kumsaidia mwovu. Tusisahau kwamba Diani ni mojawapo ya sehemu ambazo uchunguzi wa serikali ya Kenya na UNICEF wa mwaka 2006 ulizitaja kwa habari ya watoto kutumiwa vibaya na watalii na wenyeji pia. Habari ya mtoto ipelekwe kwa ofisi ya watoto au kwa polisi, au upige simu 116, ambayo hailipishwi. Vivyo hivyo mtu akiwa karibu kujiua au kuua, uhai huja kwanza. Ila hapo pia, mwambie anayeweza kuokoa, umwambie yanayotosha kuokoa, basi. Usiwaambie na majirani. Na mshauri mwema humweleza mtu mipaka hii siku ya kwanza, kabla hajafungua kinywa, ili asije akaona amesalitiwa.

Ndugu msikilizaji, pengine wewe ndiwe uliyewahi kusema siri yako ukaisikia imerudi kwa mlango mwingine. Tangu siku ile umefunga. Sikulaumu. Lakini mzigo ule bado ni mzito. Kabla ya kumweleza mtu tena, una haki ya kumwuliza, "Nikikuambia, nani mwingine atajua?" Mtu mwaminifu hatakasirikia swali hilo. Asiyeweza kulijibu, muage kwa amani, utafute mwingine. Wapo.

Na wewe uliyebeba siri za watu, wiki hii usiongeze neno. Ukiulizwa, sema, "Hilo si langu." Hayo ni maneno matatu tu, na yanaweza kumhifadhi mtu hai.

Tuombe. Ee Mungu, wewe unayezijua siri za mioyo yote wala huzitangazi, weka mlinzi vinywani mwetu. Uwape washauri na wauguzi wetu uaminifu. Uwape ujasiri waliojifungia kwa hofu, uwaonyeshe mtu wa kumwambia. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.