Kadi Iliyofungiwa Sandukuni

Wasikilizaji wangu wa Buguruni, tangu Malapa hata Kwa Mnyamani, naizungumzia surua tena, kwa kuwa kila niingiapo uani nikamuuliza mama mwenye mtoto wa miaka miwili habari za kadi ya kliniki, aghalabu hufungua sanduku, akaichomoa chini ya khanga, nikakuta chanjo ya miezi 9 imeandikwa na ya miezi 18 haipo. Ukimuuliza kama anaichukia chanjo, hustaajabu. Alisema kesho, na kesho ikala mwaka mzima.

Mtoto keshatembea, anakula ugali, basi hudhaniwa kazi imekwisha. Ilhali ile ya miezi 9 huwakinga takriban watoto 85 tu katika 100, na waliosalia ndio ambao surua huwatafuta katika vyumba vyetu vya kupanga, ikawaachia nimonia ama upofu. Uvumi wa mitandaoni upo, nao una madhara; walakini adui nimwonaye mimi kila siku ni hiyo kesho.

Huko Siaya, nchini Kenya, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, kundi moja la wazazi lilikumbushwa kwa ujumbe wa simu na kupewa shilingi 200 za Kenya kwa kila chanjo iliyowahi. Watoto waliokamilisha chanjo kabla ya kutimiza mwaka wakawa 90 katika 100, na kwa wasiokumbushwa wala kupewa kitu, 82. Imani ya mtu haikuguswa. Miadi tu ilitiwa uzito.

Basi itoeni kadi sandukuni! Tundikeni ukutani, penye funguo. Miadi isiwe “mwezi ujao”, iwe Jumatano, mkubwa akishakwenda shule, na ijulikane nani atabaki gengeni. Nanyi kina baba mnaoamkia Kariakoo alfajiri, tarehe ya kodi ya mwenye nyumba hamuisahau kamwe. Ya mwanao ni lini?

Nilimsikia kwa masikio yangu muuguzi mmoja akimkaripia mama aliyechelewa miezi miwili, mbele ya benchi zima, na mama yule hakurudi tena. Wauguzi, fedheha ile humfukuza mtoto! Nanyi kina mama, aliyechelewa bado huchanjwa. Msingoje arobaini ya jirani ipite wala mfungo uishe. Na kadi ikiwa imepotea, mchukueni mtoto mwende hivyo hivyo.