Moto Humchoma Mpangaji Mara Mbili

Maneno ya mwalimu mkimbizi katika mkutano wa Siku ya Wakimbizi Duniani, Kampala, 20 Juni 2025. Yamechapishwa kwa ombi la Kamati.



Nimeombwa niseme machache kuhusu nyumba. Mimi si fundi wala si mwanasheria. Nilisomea ualimu, na mwalimu huona mambo ya nyumba kupitia daftari lake la mahudhurio. Mtoto asipoitika asubuhi tatu mfululizo, mwalimu huuliza, na mara nyingi jibu linahusu nyumba. Kwa hiyo nitaanzia kwenye daftari.

Mwezi wa Februari 2024, usiku wa Jumapili, mstari mmoja wa mizigo uliungua jirani na shule yetu hapa Kampala. Kwa ndugu zetu wa kambini ambao hawajauona mji, muzigo ni chumba kimoja cha kupanga, kimeshikana na vingine kama mabehewa ya treni. Ndani ya chumba hicho familia hulala, hupika na kuweka kila kilicho chake. Mstari ule ulikuwa na vyumba 11. Mshumaa ulianguka katika chumba cha tatu, ukashika pazia, na dari ya maboksi ikaupeleka moto hadi mwisho. Tunamshukuru Mungu hakufa mtu. Lakini asubuhi familia 11 zilikaa barabarani na nguo walizolalia.

Mmoja wao alikuwa mama wa mwanafunzi wangu wa darasa la tano. Cherehani yake, iliyowalisha, ilibaki chuma kilichopinda. Karatasi zao za ukimbizi ziliungua pia, pamoja na madaftari ya mtoto.

Sasa sikilizeni yaliyofuata, maana hayo ndiyo yaliyonileta hapa mbele. Mwenye nyumba alijenga upya kwa miezi miwili. Alijenga vizuri, kwa matofali, na mabati mapya. Kodi ya chumba, iliyokuwa shilingi 150,000 kwa mwezi, ikawa 200,000, na alitaka miezi sita mbele. Wapangaji wa zamani waliporudi kuuliza, walikuta mlango uko wazi kwa yeyote mwenye shilingi 1,200,000 mkononi. Familia mbili tu ziliweza, kwa kukopa. Tatu zilihamia bondeni, kwenye maji ya mvua. Sita zilikwenda kambini, na mwanafunzi wangu alikuwa katika hizo sita. Jina lake bado limo katika daftari la mwaka ule, na mbele yake kuna alama za kutokuwepo mpaka mwisho wa muhula.

Ndugu zangu, moto ule uliwachoma watu wale mara mbili. Mara ya kwanza uliwachomea vitu. Mara ya pili uliwachomea mahali pa kurudi. Mara ya kwanza ilikuwa bahati mbaya. Ya pili tungeweza kuizuia.

Jambo hili nililijua tangu utoto. Mimi ni mtu wa Goma. Tarehe 17 Januari 2002, mlima Nyiragongo ulipasuka ubavuni, na lava ikashuka mjini, ikavuka uwanja wa ndege, ikapita katikati ya mji mpaka ziwani. Nilikuwa na miaka 11. Tulikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka wa Rwanda, baba amebeba godoro na mama amebeba mdogo wangu. Baada ya siku chache tulirudi, kama watu wengi. Kiasi cha sehemu moja katika nane ya mji ilikuwa chini ya mawe meusi yanayofuka moshi. Watu wapatao 120,000 walikuwa hawana nyumba.

Wenye viwanja walikuwa na taabu yao, kwa sababu alama za mipaka zilizikwa na kila mtu alisema, "Parseli yangu ilianzia hapa." Lakini wao waliulizwa. Sisi tulikuwa tumepanga. Mwandikaji mmoja alipopita na orodha alimwuliza baba: "Parseli yako iko wapi?" Baba akasema, "Sisi ni wapangaji." Yule kijana akaandika jina letu kwenye karatasi nyingine, akaikunja. Karatasi ile haikuitwa kamwe. Nyumba yetu ya mbao ilikuwa imeungua sawasawa na ya jirani, lakini katika hesabu nyumba ilikuwa ya mwenye kiwanja, na sisi tulikuwa vitu vilivyokuwa ndani yake.

Nisiwe mtu wa kulaumu tu. Mtaani kwetu niliona pia jambo jema. Familia moja ya wapangaji ilipewa mbao, misumari na mabati, na kabla ya kujenga walikaa chini na mwenye kiwanja mbele ya mkuu wa mtaa. Waliandikiana hivi: familia ikae pale miaka miwili bila kodi, na muda ukiisha, mbao na mabati yabaki mali ya mwenye kiwanja. Mwenye kiwanja alipata nyumba, mpangaji alipata miaka miwili ya kupumua. Ilikuwa karatasi moja yenye saini tatu. Mlima ulipotoa lava tena tarehe 22 Mei 2021 na kuteketeza nyumba zaidi ya 3,000 kaskazini ya mji, nilikuwa tayari mkimbizi hapa, na niliwaza kuhusu karatasi ile.

Msidhani haya ni mambo ya nchi maskini peke yake. Mwezi wa Agosti 2023 moto wa nyika uliuteketeza mji wa Lahaina katika visiwa vya Hawaii, Marekani. Watu wapatao 100 walikufa na majengo zaidi ya 2,000 yaliungua. Mara moja nyumba zilizosalia zikawa chache kwa watu wengi, na mpangaji ndiye aliyesukumwa nje. Gavana wao alilazimika kutoa amri ya kuzuia kodi kupanda. Tajiri na maskini, moto ukipita, bei ya paa hupanda siku ile ile ambayo mfuko wa aliyeungua ni mtupu.

Hapa Uganda sheria ipo. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 inasema kodi isipandishwe zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Kutoka 150,000 hadi 200,000 ni asilimia 33. Sheria hiyo pia inakataza kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama. Na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inaturuhusu kutembea na kufanya kazi katika nchi hii, jambo ambalo wenzetu katika nchi nyingine hawalipati. Tunaishukuru Uganda kwa hilo. Lakini sheria humsaidia mwenye ushahidi. Mama yule angeonyesha nini? Hakuwa na mkataba, hakuwa na risiti, na hata jina lake liliungua.

Tukumbuke pia jinsi ardhi ya mji huu ilivyopangwa. Tangu mapatano ya Buganda ya mwaka 1900 sehemu kubwa ni ardhi ya mailo, yenye mwenyewe. Juu yake yupo mwenye kibanja, naye huenda akawa amemruhusu mwingine kujenga mizigo, na huyo ndiye anayempangisha mkimbizi. Ngazi ni ndefu, na sisi tuko kwenye kidato cha chini kabisa. Kambini familia hupewa kiwanja. Nyumba ya nyasi ikiungua, kiwanja kinabaki, na turubai huja. Mjini nyumba ikiungua, hakuna kinachobaki. Msaada wa nyumba uko kambini, nasi wa mjini tunahesabiwa kuwa tunajitegemea. Ni kweli tunajitegemea, mpaka usiku wa moto.

Kwa hiyo nina maombi, na nitayagawa kwa watu watatu.

Kwanza, kwetu sisi wapangaji. Tudai risiti kila mwezi, hata iwe kipande cha karatasi chenye tarehe, kiasi na saini. Tupige picha kitambulisho na karatasi ya familia, na nakala ikae kwa mtu anayeishi mstari mwingine. Walimu tuko tayari kuzitunza shuleni. Mshumaa usimame ndani ya sahani yenye maji, mbali na pazia. Sigiri ipikiwe nje na izimwe kwa maji kabla ya kulala. Ndoo ya mchanga ikae mwanzo wa kila mstari. Nanyi wa kambini, safisheni nyasi kuizunguka nyumba kabla ya kiangazi, hatua kumi kila upande, na asiyeweza, mzee au mama mjamzito, asafishiwe na jirani.

Pili, kwa Kamati. Naomba tuanzishe kitabu cha wapangaji. Kila familia iandikwe: inaishi mstari gani, inalipa kiasi gani, tangu lini, na mwenyekiti wa LC 1 atie saini. Halafu tuanzishe sanduku la moto. Familia 200 zikitoa shilingi 1,000 kila mwezi, kwa mwaka ni shilingi 2,400,000. Familia zile 11 zilihitaji shilingi 1,650,000 kulipia mwezi mmoja. Kwa hiyo sanduku letu wenyewe lingewapa mwezi wa kwanza, na zingebaki 750,000 za masufuria na madaftari. Si nyingi. Lakini mwezi mmoja unatosha mtoto asikose shule wakati wazazi wanatafuta njia.

Tatu, kwa ndugu zetu wa mashirika. Mkija baada ya moto, tafadhali msiulize kiwanja ni cha nani peke yake. Ulizeni nani alilala hapa jana. Kitabu cha Kamati kitawajibu. Kama mngeongeza miezi miwili ya kodi juu ya mwezi wetu mmoja, kwa familia 11 ni shilingi 3,300,000. Na mkimsaidia mwenye nyumba kwa mabati au saruji, basi aandike kwanza kwamba wapangaji wake wa zamani watarudi, kwa kodi ile ile, kwa miaka miwili. Tuliona Goma kwamba inawezekana, na wala si yeye anayepoteza.

Mtu ataniuliza: mwalimu, kwa nini unasema haya leo, siku ya sherehe? Nasema leo kwa sababu mwaka huu, baada ya Goma kuchukuliwa na vita mwezi wa Januari, wengi wametufuata. Wanafika, wanapokewa na shangazi au mjomba, na chumba cha watu watano kinakuwa cha watu kumi. Mishumaa ni ile ile, mapazia ni yale yale. Sitaki kubahatisha mabaya, lakini mwenye macho anaona.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ukuta si wetu, lakini ufa tunaweza kuuziba. Kuanzia Jumamosi ijayo nitakuwa darasani baada ya saa nane mchana, na daftari jipya juu ya meza. Atakaye kuandikisha familia yake katika kitabu cha wapangaji aje na risiti yake ya mwisho. Asiye na risiti aje hata hivyo, tutaandika barua pamoja kwa mwenye nyumba, kwa heshima, kuiomba.

Na mama yule, kama jarida hili litamfikia huko kambini: mwanao alikuwa wa pili katika hesabu. Tafadhali mwalimu wake mpya aambiwe. Nimeweka ripoti yake.