Kuwatafuta Tuliosoma Nao

Somo hili lilisomwa redioni kwa vikundi vya elimu ya watu wazima, nawe sasa umelishika mkononi. Lisome polepole, ukiweza pamoja na mwenzako, na penseli iwe karibu, maana somo hili ni la kutenda.

Leo tunazungumza juu ya jambo linalowahusu wengi waliokwisha kupita umri wa miaka hamsini hapa Tanzania. Mmeamua kukutana tena, ninyi mliosoma sekondari pamoja. Mwezi umetajwa, na shule yenu ya zamani imekubali kuwapokea. Lakini mkihesabu majina, katika watu themanini mliokuwa nao mnawajua waliko kumi na watano tu. Je, wengine wako wapi? Na njia ya kuwapata ni ipi?

Kwa nini tulipotezana

Kwanza yafaa tujue sababu. Miaka ile shule za sekondari za serikali zilikuwa chache, nyingi zikiwa za bweni, na mtoto aliyechaguliwa aliweza kupelekwa mbali sana na kwao. Jambo hilo lilikuwa na makusudi yake, ili vijana wa makabila yote wajuane. Mtoto wa Newala alilala kitanda cha juu, na mtoto wa Ngara kitanda cha chini. Wakati wa likizo kila mmoja alishika waranti yake ya safari akapanda gari moshi au basi.

Siku ya kumaliza walitawanyika hivyo hivyo. Huyu alikwenda chuo cha ualimu, huyu kidato cha tano, huyu kiwandani, na huyu alirudi shambani kwa baba yake. Waliomaliza kidato cha sita waliingia Jeshi la Kujenga Taifa, Ruvu, Makutupora, Mafinga au Oljoro, mpaka mafunzo yale ya lazima yaliposimamishwa mwaka 1994, ndipo yakarudishwa 2013.

Simu za mkononi hazikuwapo. Zilianza hapa nchini katikati ya miaka ya 1990, na vijijini zilienea baada ya 2000. Anwani ya mtu ilikuwa sanduku la posta, na aghalabu sanduku lenyewe halikuwa lake, bali la shule ya msingi, la misheni, au la mwenye duka. Mwenye duka akihama, barua zilikoma. Basi usidhani kwamba wenzako walikusahau. Mara nyingi walikuandikia, barua isifike.

Jambo la kwanza: andika orodha ya walioanza

Hili ndilo jambo kubwa la somo letu, nami nakuomba ulishike hata kama mengine yatakutoka. Kamati nyingi huanza na picha ya siku ya kumaliza kidato cha nne, au na orodha ya matokeo ya mtihani. Picha ile haina watu wote. Mlioingia kidato cha kwanza hamkutoka wote.

Yupo aliyeondoka kidato cha pili kwa kuwa baba yake alifariki, akarudi nyumbani kuwalea wadogo zake. Yupo aliyekosa ada. Yupo aliyeugua mwaka mzima. Katika shule za wasichana na za mchanganyiko yupo msichana aliyepata mimba, akafungasha sanduku lake siku ile ile, na jina lake halikutajwa tena. Kwa miaka mingi msichana wa namna hiyo alifukuzwa, asirudi. Ilikuwa Novemba 2021 ndipo serikali ilipotangaza kwamba mwanafunzi aliyeacha shule kwa sababu ya mimba anaweza kurudi baada ya kujifungua. Yeye mwenzenu hakuipata nafasi hiyo.

Watu hawa walilala nanyi, walikimbia mchakamchaka nanyi, walikula nanyi maharage yenye wadudu. Mkikutana bila wao, mtakuwa mmekutana waliofaulu tu, nanyi mtauita mkutano wa darasa. Kwa hiyo chukua karatasi, andika juu yake mwaka mlioanza kidato cha kwanza, wala si mwaka mliomaliza. Kisha kumbuka bweni kwa bweni, kitanda kwa kitanda, tangu mlangoni mpaka dirisha la mwisho. Akili hukumbuka mahali kwa wepesi kuliko inavyokumbuka majina matupu.

Jambo la pili: andika vitu vitano kwa kila mtu

Jina peke yake halitoshi, kwa kuwa majina yetu hubadilika. Msichana mliyemwita kwa jina la baba yake leo ni Mama Fulani, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na kijijini kwa mume wake huenda hakuna anayelijua lile la shule. Mwingine alikwenda Makka, sasa anaitwa Alhaji. Mwingine mlimjua kwa jina la utani tu. Basi andika haya matano:

1. Jina lake kama lilivyoitwa na mwalimu wa zamu.
2. Jina la utani.
3. Jina la baba yake, na kazi ya baba kama unaijua.
4. Kijiji, tarafa na wilaya ya kwao.
5. Nani alimwona mara ya mwisho, wapi, na mwaka gani.

Hapo kwenye wilaya na mkoa, angalia sana. Mikoa ya leo si ile ya wakati wenu. Kama uliandika kuwa mwenzako alitoka Babati au Mbulu, mkoa wa Arusha, leo mtafute mkoa wa Manyara, ulioanzishwa 2002. Wa Njombe, Makete na Ludewa zamani alikuwa mtu wa mkoa wa Iringa, lakini tangu 2012 Njombe ni mkoa wenyewe. Mwaka huo huo Mpanda ilitoka Rukwa ikawa mkoa wa Katavi, Bariadi na Maswa zikatoka Shinyanga zikawa Simiyu, na Geita ikatoka Mwanza. Wa Mbozi na Ileje, waliokuwa wa Mbeya, tangu 2016 ni watu wa Songwe. Mtu akiuliza habari za mtu wa Mbozi katika ofisi za Mbeya atajibiwa kuwa hayupo, na kumbe anaishi pale pale alipozaliwa.

Jambo la tatu: tumia watu kabla ya mitambo

Siku hizi kamati hufungua kundi la WhatsApp, kisha hungoja. Kundi ni chombo kizuri, lakini linawapata wale wenye simu janja, na hao ndio waliokuwa rahisi kupatikana. Mwenye simu ndogo ya kitochi hayumo. Tena namba za zamani hazitegemewi. Mwezi Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa, na wengi walipata namba mpya.

Kwa hiyo nenda kwa watu. Kila aliyepatikana aulizwe habari za watatu, si za wote. Ukimwuliza mtu habari za watu themanini atachoka, lakini akiulizwa watatu atajitahidi. Halafu ugawe kazi kwa wilaya: mwenzenu aliyeko Tukuyu awatafute wa Rungwe na Kyela.

Kijijini, usianze kwa kumtafuta yeye, bali ukoo wake. Mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji, mzee wa kanisa au imamu, hawa wanaujua ukoo wa Mzee Fulani na watoto wake walikokwenda. Na hata sasa redio inafaa. Sisi ni watu tuliozoea kusikiliza kadi za salamu, na matangazo ya vifo yakiwataja ndugu popote walipo. Redio za wilayani hupokea matangazo, na mama aliye jikoni akisikia jina la shemeji yake atamwita.

Jambo la nne: hadhari

Mkuu wa shule anaweza kuwa na daftari la kuandikisha wanafunzi la mwaka wenu. Mwandikieni barua kwa heshima. Lakini msimlaumu akikataa kuwapa nakala, kwa sababu iko Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Mwombeni alinganishe majina na orodha yenu, au awafikishie barua wale anaowajua.

Tena, matapeli wanapenda sana mikutano ya namna hii. Mtu mgeni akijitokeza kundini, mwulizeni neno ambalo halimo katika picha wala mtandaoni: kengele ya shule ilikuwa ya chuma gani, au maji yalichotwa wapi bomba lilipokauka. Na kabla ya kutuma mchango kwa simu, soma jina linalotokea. Lisipokuwa jina la mhazini mliyemchagua, acha.

Adabu nayo ni hadhari. Mwanamume asimpigie simu mke wa mtu usiku baada ya miaka thelathini akaanza kucheka. Mwanamke mwenzake na atangulie, amsalimu shemeji, aeleze shabaha. Na kabla hujapiga simu nyumbani kwa mtu, uliza kwanza kwa jirani kama yu hai. Darasa la miaka ile limepoteza wengi, kwa ukimwi, kwa uzazi, kwa ajali. Si vema mjane asikie sauti yenye furaha ikimwuliza marehemu yuko wapi. Waliofariki nao waandikwe, na watoto wao waarifiwe, kwa kuwa wengine wangependa sana kusikia baba yao alikuwa kijana wa namna gani.

Jambo la tano: namna ya kumwita

Labda utasema, “Huyo aliyeondoka kidato cha pili tumempata, lakini ataona aibu. Wenzake ni wakurugenzi, naye anauza mkaa.” Ni kweli, ataona aibu, ikiwa mtamwita kwa namna ya kumtia aibu. Mwaliko mwingi huanza na kiwango cha mchango na rangi ya sare. Maskini akishasoma hapo hujibu kwamba ana safari, au asijibu kabisa.

Basi mchango usitajwe katika barua ya kwanza. Nauli ya asiyejiweza ilipwe na mhazini kimya kimya, wala isisomwe katika hesabu kwa jina. Walale katika mabweni ya shule wote, hata mwenye gari lake. Tena mwezi uchaguliwe kwa akili. Desemba humfaa mtu wa ofisini, lakini nyanda za juu za kusini mvua zimekwisha kuanza, na mtu wa jembe hawezi kuliacha shamba. Juni inafaa zaidi, shule zimefungwa na wengi wanavuna au wamekwisha kuvuna.

Huu hapa mfano wa barua. Uibadilishe upendavyo.

“Ndugu yetu …………,

Salaam. Anayekuandikia ni …………, tuliyeanza naye kidato cha kwanza mwaka ……. Nilikuwa bweni la …………, kitanda cha tatu kutoka mlangoni. Labda unanikumbuka kwa jina la ………….

Tumekutafuta kwa sababu jina lako limo katika orodha yetu. Ulianza nasi, nawe ni mwenzetu. Mwezi Juni tutakutana shuleni kwa siku mbili, kusalimiana na kuwakumbuka waliotutangulia. Hakuna hotuba za vyeo. Vaa nguo zako za kawaida.

Tungependa kusikia habari zako, uje au usije. Mwenye barua hii atangoja jibu lako, hata la mdomo.

Wako, …………”

Tazama maneno yale, “uje au usije”. Mwenzako ana haki ya kukataa, na sababu yake si lazima uijue. Akikataa, usimpe mtu namba yake, wala usimtaje kundini kuwa ana majivuno. Mpelekee salamu mara moja baada ya mkutano, pamoja na picha moja, kisha umwache. Wako waliokuja mara ya pili kwa sababu mara ya kwanza hawakusumbuliwa.

Wiki hii, kabla hamjazungumza habari za chakula na fulana, kaeni watu watatu au wanne, mkaiandike orodha ile ya kidato cha kwanza. Kisha mtu mmoja amtafute mmoja tu, yule ambaye hakuna aliyemtaja kwa miaka mingi.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika darasa lako, ni nani aliyeanza asimalize? Ni nani anayeweza kujua aliko?
2. Wilaya za wenzako ziko mikoa gani leo?
3. Kikundi chenu kitalipaje nauli ya mtu bila kumtia aibu?
4. Msichana aliyefukuzwa akikubali kuja, mtampokeaje? Semeni maneno yenyewe mtakayomwambia.