Nzi wa Schiphol na Kata ya Mombasa



Mhadhara huu umetokana na makofi. Katika kikao kimoja cha wadau wa vyoo vya stendi na masoko, mtaalamu wa masuala ya tabia alituonyesha picha ya sinki la kukojolea la wanaume, jeupe, lenye nzi mdogo mweusi aliyechorwa karibu na tundu. Akaeleza kwamba mwanamume akimwona nzi huyo humlenga bila hata kufikiri, na sakafu hubaki kavu. Akapendekeza vinunuliwe vibandiko vya nzi kwa stendi zote za mkoa. Ukumbi ukapiga makofi. Kabla ya chai ya saa nne ilishakubaliwa kwamba zamu ya usiku ya wasafishaji ipunguzwe ili fedha ya vibandiko ipatikane.

Sitawachosha na mjadala wa mali ya pamoja. Hardin wa 1968, aliyeamini kwamba cha wote hakina budi kuharibika, na Ostrom wa 1990, aliyeonyesha kwa malisho, misitu na mifereji kwamba si lazima, mnawajua. Nakwenda moja kwa moja kwa nzi.

Historia yake ni ya kweli. Alichorwa kwenye vyoo vya uwanja wa ndege wa Schiphol, Amsterdam, mwanzoni mwa miaka ya 1990, na anayetajwa naye daima ni Aad Kieboom, mchumi aliyesimamia upanuzi wa majengo pale. Mwaka 2008 Richard Thaler na Cass Sunstein walimtia katika kitabu chao Nudge, pamoja na takwimu kwamba alipunguza mkojo unaomwagika nje kwa asilimia 80. Tangu hapo nzi huyu amezunguka dunia nzima.

Tuitazame takwimu hiyo, maana hoja yote imesimama juu yake. Ilitoka kwa timu ya Kieboom mwenyewe. Kilichopimwa ni matone yaliyokosa sinki, ya wanaume waliosimama, katika jengo ambalo maji hayakatiki, taa hazizimiki na mtu wa deki yupo. Wanawake hawamo. Haja kubwa haimo. Tundu la kuchuchumaa, ambalo ndilo choo cha stendi zetu karibu zote, halimo. Hata tukiipokea asilimia 80 bila kuihoji, ni asilimia 80 ya tatizo dogo kati ya matatizo ya choo. Harufu inayomfanya msafiri azibe pua kabla hajafika mlangoni inatoka kwenye mkojo uliokaa: bakteria huivunja urea na kutoa amonia, chumvi zikaganda kwenye kuta za sinki na katika viungo vya vigae, na kila saa inayopita bila maji na brashi hufanya kazi ya kesho kuwa ngumu zaidi. Kibandiko hakimwagi maji wala hakisugui.

Tena Schiphol penyewe pametoa ushahidi ambao vitabu vya tabia havina desturi ya kuutaja. Mwaka 2010 wafanya usafi wa Uholanzi waligoma kwa wiki tisa, wa vituo vya treni na wa uwanja huo wakiwa miongoni mwao. Nzi hawakugoma. Waliendelea kukaa mahali pao kwenye masinki, lakini waajiri walilazimika kukaa mezani na watu, na watu hao wakapata nyongeza ya mshahara. Kwangu mimi, mgomo ule unasema zaidi kuhusu kinachofanya choo kiwe safi kuliko miaka yote ya vibandiko.

Kama lazima tuzungumzie nzi, wako wengine, wa kweli, waliohesabiwa. Mwaka 1975, katika Zimbabwe ya leo, Peter Morgan wa Maabara ya Utafiti ya Blair aliwatega nzi waliotoka kwenye vyoo viwili vya shimo kwa siku 78. Choo kisicho na bomba la kutolea hewa kilitoa nzi 13,953. Chenye bomba lililofunikwa wavu juu kilitoa 146. Sababu ni ya kifizikia: ndani ya choo mna giza, nzi hufuata mwanga unaoingia kwa juu ya bomba, hukwama kwenye wavu na kufia humo. Mtumiaji haombwi kulenga chochote. Ubunifu wa namna hiyo naupigia makofi kwa mikono miwili. Lakini wavu huoza. Jua, mvua na gesi za shimo huula, na siku unapotoboka bomba huwa njia ya nzi. Anayepanda juu kuubadilisha ni nani? Swali hilo ndilo linalonihangaisha, na kila mbinu nitakayoitaja nitaiuliza hilo.

Nyuma ya nzi wa Schiphol kuna imani nzito zaidi, nayo ndiyo niliyokuja kuibomoa. Imani hiyo inasema choo cha umma ni kichafu kwa sababu mtumiaji hana ustaarabu. Ndiyo inayoandika kwenye kuta zetu USIKOJOE HAPA, na ndani ya choo, Tafadhali kiache kama ulivyokikuta, hata pale ambapo kukiacha kama ulivyokikuta ni dhambi.

Jaribio la kuipima imani hiyo linafanyika kila siku mbele ya macho yetu. Karibu na stendi nyingi za pwani na bara upo msikiti, na abiria wanaojua mji, Waislamu kwa Wakristo, huomba kwenda msalani huko. Nimekaa mara nyingi kwenye baraza za maeneo hayo nikitazama. Anayeshuka kwenye basi ni yuleyule, tumbo lake ni lilelile, malezi yake ni yaleyale. Akiingia choo cha stendi huacha matope na karatasi. Akiingia cha msikitini huvua viatu, hubadili ndara, humwaga maji, hurudisha kopo mahali pake. Ustaarabu hauwezi kuisha na kurudi katika mita mia moja. Kilichobadilika ni kwamba msikitini maji yapo, na yupo mzee au kijana aliyepita hapo nusu saa iliyopita na atakayepita tena baada ya nusu saa.

Na jambo hili si la jana. Hapa naomba mniruhusu nikae kidogo na chanzo ninachokipenda kuliko vyote. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta, akielekea Kilwa, alilala usiku mmoja Mombasa. Alitoa masimulizi yake Fez zaidi ya miaka ishirini baadaye, akiwa ameona Delhi na Uchina, na bado alikumbuka misikiti ya Mombasa ilivyotunza maji. Anasema kando ya mlango wa kila msikiti kulikuwa na kisima kimoja au viwili, vya kina cha dhiraa moja au mbili. Watu waliteka kwa kata, chombo cha mti kilichofungwa kwenye kijiti chembamba chenye urefu wa dhiraa. Ardhi iliyozunguka kisima na msikiti ilikuwa imesawazishwa. Anayetaka kuingia huosha miguu kwanza, na mlangoni kuna kipande cha mkeka mnene cha kufutia. Anayetawadha hukibana chombo kati ya mapaja na kujimiminia.

Soma maelezo hayo kama mhandisi wa usafi. Mpini wa kata una urefu wa dhiraa, basi vidole havigusi maji ya kisima ambayo mtu anayefuata atayatumia. Kubana chombo kwa mapaja kunaiacha mikono yote miwili huru chini ya maji yanayotiririka, kwa hiyo hakuna anayechovya mkono katika maji ya wote. Ardhi iliyosawazishwa haiweki dimbwi. Watu walitembea pekupeku, anasema, na ndiyo maana pana kuosha miguu, kisha mkeka, ili matope yaishie nje. Kila hatua imepangwa mahali ambapo mwili utaifikia wenyewe. Wataalamu wa tabia wangeweza kuandika vitabu vitano juu ya mlango ule. Lakini mkeka mnene unaofutiwa miguu yenye maji mara tano kwa siku huoza upesi, na kijiti chembamba huvunjika. Msafiri aliyepita usiku mmoja tu aliukuta mkeka mzima na kata nzima. Mimi nasoma hapo mtu ambaye Ibn Battuta hakumtaja: aliyesuka mwingine, aliyefunga kijiti kipya, aliyesawazisha udongo baada ya mvua. Wenzangu wanahistoria wataniambia hilo ni kukisia, na kwamba mahali pa kutawadha si choo. Nawaheshimu, na bado nashikilia.

Nimelelewa katika nyumba ya kupanga ya vyumba sita, Dar es Salaam, choo kimoja uani. Hapakuwa na tangazo lolote. Palikuwa na fagio la chelewa, na kila Jumamosi liliegemezwa kwenye mlango wa chumba chenye zamu. Mama yangu alilipokea kama mtu anavyopokea mgeni asiyemwalika. Choo kile kilikuwa safi. Hata hivyo, nimeyaona mafanikio ya zamu yakipotoshwa na watu wanaotaka kuyahamishia masokoni. Zamu inashika pale watu wanapojuana hadi vyumbani, na katika nyumba yetu ilishika pia kwa sababu mzigo wote ulikuwa juu ya wanawake, bila malipo. Choo cha stendi kinatumiwa na wapita njia. Huwezi kumwegemezea fagio abiria wa Mbeya.

Natenda haki kwa upande wa pili. Maneno ukutani yana nguvu kiasi. Watafiti Gaby Judah, Val Curtis na wenzao walionyesha mwaka 2009, kwa vihisio vilivyohesabu matumizi karibu 200,000 katika vyoo vya barabara kuu Uingereza, kwamba ujumbe uliochaguliwa vizuri uliongeza matumizi ya sabuni, wanaume wakiguswa zaidi na ujumbe wa kinyaa. Uzuri pia una nguvu. Wilaya ya Shibuya, Tokyo, ina vyoo 17 vilivyosanifiwa na watu mashuhuri, vikiwamo vya vioo vya Shigeru Ban vinavyoonyesha ndani hadi utakapofunga mlango, ili ajaye aone mapema kama ni pasafi na kama hapana mtu. Lakini mradi huohuo ulipanga usafi wa mara mbili hadi tatu kwa siku, na wasafishaji wakashonewa sare na mbunifu wa mavazi, NIGO. Nadhani sare zile ni ubunifu mkubwa kuliko vioo.

Basi nani amlipe mtunzaji? Bindeshwar Pathak alianzisha choo cha kulipia Patna, India, mwaka 1974, na shirika lake la Sulabh likaweka wahudumu usiku na mchana. Nairobi, msanifu majengo David Kuria aliijenga Ikotoilet kwa shilingi tano mlangoni, akaiongezea wang'arisha viatu na vibanda ili mapato yasitegemee haja peke yake. Naiheshimu kazi hiyo. Hata hivyo malipo ya mlangoni yana mlipaji wake. Marekani, kuanzia 1970, vijana wa Ohio walipinga vyoo vya kulipia kwa hoja kwamba mwanamume hukojoa bure na mwanamke hulipia mlango. Walishinda, Chicago ikapiga marufuku mwaka 1973, na miji mingi ikafuata. Vyoo vya kulipia vikaondoka, vya bure havikujengwa mahali pake. Mama lishe wa masoko yetu wameniambia kwamba hawanywi maji mchana, kwa sababu kila kwenda msalani ni fedha inayotoka kwenye faida ya sahani ya wali. Nao walishalipa ushuru asubuhi.

Ninachopendekeza ni hiki. Katika kila soko na stendi, sehemu ya ushuru itengwe kwa mshahara wa mtunzaji wa choo, na mwenye risiti ya ushuru ya siku hiyo aingie bure. Mji mdogo wa Aalen, Ujerumani, tangu mwaka 2000 unayalipa maduka na migahawa ili yafungue vyoo vyao kwa wapita njia. Misikiti na mahoteli yetu yanafanya kazi hiyo bila senti. Manispaa iyachangie maji na sabuni. Mtunzaji apewe mamlaka ya kufunga mlango kwa dakika kumi ili asafishe, na ya kuufunga kabisa maji yanapokatika, bila kutukanwa wala kukatwa mshahara.

Na kwa kuwa mhadhara bila majaribio ni maneno matupu, nimeliomba baraza la chuo libadili mkataba wa usafi wa mabweni. Sasa kampuni inalipwa kwa mita za mraba, kwa hiyo korido tupu na choo cha wanafunzi mia moja vina thamani sawa. Naomba muhula ujao nusu ya mabweni yalipiwe kwa saa ambazo msafishaji yupo chooni, na nusu yabaki yalivyo na yawekewe vibandiko vya nzi kwenye masinki ya wanaume. Idara yangu itapima amonia na maji yaliyotuama sakafuni asubuhi na jioni katika mabweni yote, na mtaalamu aliyetuonyesha ile picha amealikwa kushika daftari pamoja nasi.