*HOTUBA YA UONGOZI WA TAWI: RAMANI INASEMA UNA INTANETI*



Theluji iliwazuia wengi kufika mkutano wa Jumamosi, kwa hiyo tunawatumia hapa maneno yaliyosomwa na uongozi. Tunaomba kila mmoja ayasome mpaka mwisho kabla ya kurudi kwenye mjadala wa Kombe la Dunia.

Tarehe 18 Novemba 2022 Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, ilitoa ramani mpya ya intaneti ya kasi. Ramani hii inabeba fedha. Serikali ya shirikisho imetenga dola bilioni 42.45 kupitia mpango wa BEAD. Kila jimbo lilikuwa na uhakika wa dola milioni 100, na kilichozidi hapo kilitegemea zaidi idadi ya nyumba ambazo ramani ilisema hazina huduma. Nyumba iliyoandikwa kuwa ina huduma wakati haina, haikuwemo kwenye hesabu hiyo.

Ramani ya zamani tunaijua ilivyokuwa. Makampuni yalijaza fomu kwa vitalu vya sensa. Kampuni ikiweza kuhudumia nyumba moja tu ndani ya kitalu, kitalu kizima kilihesabiwa kimehudumiwa. Mjini kitalu ni mtaa mmoja, hakuna neno. Mashambani kinaweza kuwa maili kadhaa za mraba, na nyumba moja ya barabarani ikawapa "intaneti" majirani wote waliozungukwa na mahindi. Mwaka 2019 ilibainika kwamba kampuni moja ngeni ilidai kuhudumia vitalu vyenye watu karibu milioni 62. FCC ilikuwa imeshatangaza kuwa waliobaki bila huduma ni milioni 19.4. Kosa lilipogunduliwa, tena na watu wa nje ya Tume, idadi ikapanda hadi milioni 21.3. Karibu watu milioni mbili walikuwa wamepewa intaneti kwa kalamu.

Sheria ya Machi 2020 ikalazimisha ramani ya nyumba kwa nyumba, ndiyo hii tuliyo nayo. Ni nafuu kubwa, tuseme ukweli. Lakini taarifa za nani anahudumia wapi bado zinatoka kwa makampuni yenyewe. Kule nyumbani balozi wa nyumba kumi anajua nani kahama na nani kaezeka bati jipya. Ramani haina balozi, labda tuwe sisi.

Mwenzetu mmoja anayeishi nje ya mji aliifungua mbele yetu. Nukta ya nyumba yake inasema ipo kampuni ya waya yenye kasi ya megabiti 100. Kampuni hiyo hiyo aliipigia simu mwezi uliopita, akaambiwa waya unaishia nusu maili kabla ya kwake, na akiutaka alipe dola elfu kadhaa za kuuvuta. Watoto wake wanamalizia kazi za shule ndani ya gari, kwenye maegesho ya maktaba. Kwa ramani, familia hiyo imeshahudumiwa. Na sisi tulikuwa tunamtania kila anapokatika kwenye mikutano ya Zoom! Tunamwomba radhi.

Kanuni za ramani ziko upande wake. Huduma inahesabiwa ipo pale tu kampuni inapoweza kuifunga ndani ya siku 10 za kazi, kwa ada ya kawaida ya kufungiwa. Ukikataliwa, ukicheleweshwa au ukidaiwa gharama ya ziada, una sababu halali ya kuweka pingamizi. Angalieni hapa lakini: intaneti kusuasua jioni si sababu ya pingamizi hili. Msitume malalamiko hayo mkadhani mmefanya kazi.

Ingia broadbandmap.fcc.gov, andika anwani yako, tazama orodha ya makampuni yanayotajwa, kisha bonyeza sehemu ya pingamizi. Ambatanisha ushahidi: barua pepe ya kampuni, picha ya skrini, au tarehe ya simu na ulichojibiwa. Nyumba isiyo na nukta kabisa ina pingamizi lake la pembeni, nalo lipo hapo hapo. Msishangae kuona kampuni za setilaiti kila mahali. Katika kugawa fedha hizi mwaka 2023 setilaiti haikuhesabiwa, kwa hiyo nguvu zenu zipelekeni kwenye waya na minara. Kampuni ikishapelekewa pingamizi ina siku 60 za kujibu.

*Mwisho ulikuwa tarehe 13 Januari 2023.* Pingamizi ziliendelea kupokelewa hata baada ya hapo, ila mafungu ya majimbo yalipangwa kutangazwa ifikapo 30 Juni 2023, na za kuchelewa zingeweza kukosa kuingia kwenye hesabu.

Wengi wetu tunakaa apatimenti za mjini na jambo hili tunaliona la wengine. Basi njooni mtusaidie kuandika. Jumamosi ijayo kuanzia saa 8 mchana, ukumbi ule ule, kompyuta nne zitakuwepo. Wenye magari wapitie kwa wanaoishi mbali. Majirani zetu Wakongo na wengine wanaozungumza Kiswahili waleteni, kadi ya chama haitaulizwa.

Atakayeshindwa kufika amtumie Katibu anwani yake na maelezo yake faraghani, asiyaweke kwenye kundi.

Uongozi wa Tawi