CHAKULA ASICHOKIJUA MTOTO

Dominika ya 18 ya Mwaka B
Masomo: Kut. 16:2-4, 12-15, Efe. 4:17, 20-24, Yn. 6:24-35



Somo la kwanza la Dominika hii latukuta jangwani. Wana wa Israeli wamekwisha kutoka Misri, wamevuka bahari, na sasa njaa imewapata. Wananung'unika. Wanayakumbuka masufuria ya nyama waliyoyaacha utumwani. Mungu awajibu kwa kware jioni na kwa mana asubuhi. Lakini walipokiona chakula kile kimetandaa juu ya nchi, hawakushangilia mara moja. Waliulizana ni kitu gani hicho, na swali lao hilo ndilo lililokipa chakula jina lake. Kila mama anayetusikiliza asubuhi hii amewahi kuulizwa swali hilo hilo na mtoto wake, sahani ikiwa mbele yao.

Tungependa kuwasimulia jambo lililotupata sisi wenyewe, kwa maana halitufurahishi, na huenda likawafaa ninyi makatekista na ninyi wazazi.

Mwezi Juni 2023, shule zilipofungwa, tuliwachukua watoto 52 wa Utoto Mtakatifu kwenda kuiona Hifadhi ya Serengeti. Walitoka katika vigango vya pande zote mbili, Tarime na Serengeti. Wengi wamezaliwa karibu na hifadhi hiyo, ambayo watu huvuka bahari kuja kuitazama, wala hawakuwa wamepata kuiona kwa macho. Watoto wa Tarime walivuka Mto Mara, wakaungana na wenzao Mugumu, wakalala huko. Akina mama wanne waliamka saa saba usiku, wakapika pilau ya nyama ili watoto wafurahi. Alfajiri tukaondoka, tukaingia kwa lango la Ikoma.

Hatuna haja ya kueleza furaha ya asubuhi ile. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1951, ina ukubwa wa kilometa za mraba 14,763, na nyumbu wake wapita milioni moja. Watoto waliimba mpaka sauti zikakauka. Saa saba mchana tulifika Seronera, tukaketi mahali palipotengwa kwa wageni kula, pimbi wakituchungulia kutoka mawe yao. Hotipoti zikafunguliwa.

Hapo furaha ikapungua. Mtoto mmoja aliyezoea mjini aliuliza kama hakuna chipsi. Binti mmoja alichambua nyama yote akaiweka kando. Kumi hivi walirudisha sahani zao nusu. Na kijana mmoja wa miaka tisa, anayelelewa na bibi yake katika kigango cha mbali, alitia tonge moja kinywani, akalitema kiganjani, akasema kwa sauti ndogo ya kwamba chakula kile kinanuka dawa.

Ndugu wapendwa, sisi padre wao tulikuwa tumechoka. Tuliwafikiria akina mama waliokesha jikoni, tukaona wamedharauliwa. Tukamwambia mtoto yule, mbele ya wenzake wote, ya kwamba mwenye njaa hana miiko, na kwamba mtoto wa mkulima hachagui chakula. Wenzake wakacheka. Yeye hakulia. Aliweka sahani chini, akanywa soda, basi. Hatukumwuliza neno lingine.

Jioni, tulipokuwa tukirudi, basi likiruka juu ya makorongo, alitapika soda ile. Mwili wake ukalegea, mikono ikawa ya baridi. Tukasimamisha gari. Ndipo mmoja wa wale akina mama alipofungua kikapu chake mwenyewe. Mama huyo ana vidonda vya tumbo na pilau humdhuru, kwa hiyo alikuwa amejifungia ugali wa mtama na muhogo pamoja na dagaa. Alimpa mtoto maji kidogo kidogo kwanza, kisha akammegea ugali uliopoa. Mtoto alikula. Alikula kama mtu aliyerudishiwa kitu chake. Tulipofika Mugumu alikuwa amesimama dirishani akihesabu swala.

Usiku ule tulitafakari mambo mawili. La kwanza, mama yule alikuwa amekikwepa chakula kile kile alichokikwepa mtoto, wala hakuna aliyemwita mchaguzi. La pili ni la aibu zaidi. Sisi wenyewe, tangu tulipokuwa seminarini, hatuli mlenda. Akina mama wa parokia wanajua. Wanapopika mlenda, hutuwekea mchicha, bila kutusimanga. Huruma tuliyopewa miaka yote hiyo, hatukuitoa hata kwa siku moja kwa mtoto wa miaka tisa ambaye hakuwahi kuonja iliki wala karafuu.

Dominika tatu zilipita, mtoto yule hakuonekana katika mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Katekista alidhani anachunga. Tulikwenda wenyewe nyumbani kwao. Bibi yake alitupokea kwa heshima, akatuketisha, akasema, "Padre, mtoto huyu hana kiburi. Ila hakuna aliyemwuliza kwetu hula nini." Tulimwomba mtoto msamaha mbele ya bibi yake, kama tulivyomwaibisha mbele ya wenzake. Aliinamisha kichwa, akaitikia.

Kisha bibi akaleta chakula. Kilikuwa ugali na mlenda. Bila shaka uso wetu ulisema kitu, kwa maana mtoto alitutazama, akasogea karibu, akanong'ona, "Padre, kama hupendi, acha tu. Bibi hakasiriki." Tulikula kidogo, ndugu zangu. Lakini neno lile lilitushibisha kuliko chakula. Dominika iliyofuata alirudi katika mafundisho.

Sasa, je, tunafundisha kwamba mtoto apewe kila anachokitaka? Hasha. Kuna deko, na kuna ulafi. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 11, Waisraeli waliichoka mana waliyokwisha kuizoea, wakaililia nyama kwa tamaa, na tamaa hiyo iliwaletea msiba. Mtoto anayesukuma sahani ili apewe pipi afundishwe kwa upole na kwa uthabiti. Lakini katika somo letu la leo watu wana njaa ya kweli, na chakula ni kigeni kwao. Mungu hakuwacheka. Alisikia manung'uniko, akatoa chakula, na Musa akawaeleza ni nini. Tena agizo lilikuwa kila mtu aokote kadiri ya ulaji wake. Na kitabu cha Hekima, sura ya 16, chatuambia jambo la ajabu, ya kwamba mkate ule wa mbinguni ulijigeuza kuufuata utashi wa kila alaye. Mungu Mwenyezi aliujali ulimi wa mtoto wa jangwani.

Ninyi makatekista mtakaowapeleka watoto hifadhini, Butiama kwenye makumbusho ya Mwalimu Nyerere, au katika hija yoyote, yapokeeni haya machache tuliyojifunza kwa gharama. Kabla ya safari, waulizeni wazazi mtoto hula nini nyumbani, na nini humdhuru. Siku ya safari si siku ya kumwonjesha mtoto chakula kipya. Tumbo lake tayari lasumbuliwa na gari, joto na msisimko. Chukueni vinavyojulikana katika kila nyumba: viazi vitamu na mihogo ya kuchemsha, ndizi mbivu, mayai yaliyochemshwa yaliyo bado katika maganda, karanga, na uji wa ulezi katika chupa ya chai. Chakula cha namna hiyo chabebeka vizuri, tofauti na wali wa nyama uliopikwa usiku wa manane ukaliwa mchana wa jua kali, ambao waweza kuwadhuru watoto. Fungasheni katika vikapu na vyombo, kwani mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Juni 2019. Pakueni kidogo, aongezwe atakaye. Maji yatangulie soda. Wala mabaki wasitupiwe tumbili na nyani. Wanyama wakizoea chakula cha watu huwa wanyang'anyi, na sheria ya hifadhi yakataza. Na zaidi ya yote, mtoto asiyekula aulizwe kando, kwa sauti ya chini.

Tuingie sasa katika Injili. Umati umemfuata Yesu hadi Kafarnaumu kwa sababu jana walikula wakashiba. Yesu anajua sababu yao, anawaambia wazi, wala hawafukuzi. Aanzia kwenye mkate wanaoujua, apokea neno lao juu ya mana ya baba zao, na hatua kwa hatua awaongoza hadi kwenye chakula kisichoharibika, ambacho ni Yeye mwenyewe. Ekaristi ni chakula kipya kuliko vyote. Hapana mtu azaliwaye akiijua ladha yake. Mtoto anapotuuliza katika mafundisho kile kilicho altareni ni nini, tukimjibu kwa kemeo, atanyamaza, naye ataondoka na njaa pasipo sisi kujua. Tukimjibu kwa uvumilivu, tukianzia kwenye mkate wa nyumbani kwao, atakuja mezani kwa furaha.

Mtume Paulo, katika somo la pili, atutaka tuuvue utu wa kale na kuuvaa utu mpya. Sisi wakubwa hudhani utu wa kale ni ulevi na wizi tu. Kumbe ni pamoja na kicheko tunachokizusha juu ya mdogo asiyeweza kujibu. Kumbukeni ya kwamba Bwana alipomfufua binti wa Yairo, baada ya muujiza mkubwa namna ile, aliagiza jambo dogo: apewe chakula. Hakuona ni kazi ya chini kufikiri mtoto atakula nini.

Wiki hii, mezani kwako, mtazame yule asiyemaliza sahani yake. Mwulize. Halafu msikilize.

Ee Bwana, Wewe uliye mkate wa uzima, utufundishe kuwalisha wadogo wako kama ulivyotuvumilia sisi. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo.