Chuo Kina Nini cha Kumpa Mtengeneza Tovuti?



Swali la leo limetoka kwa wazazi. Kila uandikishaji unapokaribia wanatuuliza: mtoto anataka kutengeneza tovuti, rafiki zake wamejifunza kwa video za bure na tayari wanalipwa na mashirika yasiyo ya kiserikali (ONG), miaka mitatu ya chuo itamwongezea nini? Ni swali la haki, na linastahili jibu la kweli kutoka kwa watu wanaopokea ada.

Kwanza nimpe kijana huyo haki yake. HTML na CSS, lugha za kujengea tovuti, hazihitaji auditoire. Tim Berners-Lee, aliyebuni wavuti alipokuwa CERN, Geneva, alisomea fizikia Oxford na kumaliza mwaka 1976. Hakuwahi kukaa darasa la wavuti, maana halikuwapo. CERN yenyewe ilitangaza tarehe 30 Aprili 1993 kwamba yeyote duniani anaweza kuutumia uvumbuzi huo bila kulipa. Matt Mullenweg, aliyetoa WordPress pamoja na Mike Little mwezi Mei 2003, aliondoka Chuo Kikuu cha Houston mwaka uliofuata bila kumaliza. Tangu 2014 freeCodeCamp inafundisha kazi hii bure. Anayesema kwamba bila diploma huwezi kujenga tovuti nzuri anapingana na historia ya wavuti.

Nakwenda mbali zaidi. Kozi inayofundisha programu fulani, bonyeza hapa kisha bonyeza pale, haistahili ada ya mzazi. Walimu wengi duniani walifundisha Flash kwa miaka. Tarehe 31 Desemba 2020 Adobe ilikoma kuihudumia, na sehemu kubwa ya maarifa yale ikawa haina pa kutumika. Wakati huohuo ukurasa wa kwanza wa wavuti, ule wa CERN, bado unafunguka leo kwenye simu yoyote humu ukumbini. Waliouandika walijali muundo wa maandishi, na muundo huo umeishi kuliko vyombo vingi vilivyokuja baadaye. Chuo kikitaka kulipwa kifundishe kinachodumu namna hiyo.

Lakini ushauri wa "jifunze mwenyewe" ulizaliwa mahali pengine, na tunapouleta hapa Goma tunasahau kuusafirisha pamoja na mazingira yake. Kijana wa Houston anayeacha chuo hubaki na umeme usiku kucha, intaneti asiyoihesabu kwa mega, kompyuta yake mwenyewe na chumba cha kufungia mlango. Sisi tunategemea umeme wa kituo cha Matebe, kwenye mto Rutshuru, na nyaya zake zinapita katika ardhi ya vita. Januari 2025, vita vilipoingia mjini, mji ulikaa gizani, mabomba ya maji yakakauka, na benki zikafunga milango. Tangu hapo kijana anayelipwa na mteja wa mbali hutafuta njia ya kupitishia pesa zake, mara nyingi kwa kuvuka mpaka kwenda Gisenyi. Kujifunza peke yako katika hali hiyo kuna gharama, hata kama masomo yenyewe ni ya bure. Mfikirieni hasa msichana wa Ndosho anayetumia simu moja na ndugu zake, ambaye hawezi kutoka saa mbili usiku kutafuta mtandao. Kwake yeye chumba cha mashine chenye jenereta na mlinzi ni sharti la kwanza la kujifunza. Tukimwambia aachane na chuo kwa sababu Mullenweg aliacha, tunamfungia mlango pekee alio nao.

Hiyo ni hoja ya mahali pa kusomea. Ninayoijali zaidi ni ya kile kinachosomwa, na mfano wake mnaujua.

Tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka, lava ikashuka hadi Buhene. Siku tano baadaye, ardhi ikiendelea kutetemeka, gavana wa kijeshi aliamuru watu wa kartie 10 kati ya 18 za mji wahame, waelekee Sake. Umati wa watu ulishika barabara. Sasa mwekeni mbele yenu mama wa Majengo siku ile: simu ya bei ndogo, kioo kimepasuka, chaji imebaki kidogo, mtandao umeelemewa, watoto wako mlangoni. Anataka kujua mambo matatu tu: je, kartie yangu imo? Nipite wapi? Habari hii ni ya saa ngapi?

Ukurasa wa kumfaa mama yule ni kazi ngumu ya ubunifu. Uwe mwepesi, ufunguke kwa mega chache, maana picha moja kubwa inatosha kumzuia asifike kwenye jina la kartie yake. Uwe wa maandishi, kwa sababu tangazo lililopigwa picha haliwezi kutafutwa neno wala kusomwa kwa sauti na simu ya asiyeona. Miongozo ya kimataifa inasisitiza hilo tangu Mei 1999. Kiswahili kiwe juu, Kifaransa kifuate. Saa ya tangazo ionekane kabla ya kitu kingine, kwani tangazo la jana leo linaweza kuua. Na nani aandike "hatari" na nani aandike "tahadhari"? Hapo mtengeneza tovuti anahitaji kukaa na mtaalamu wa Kituo cha Volkano cha Goma, amwelewe, amuulize maswali ya akili, kisha ayageuze majibu yake kuwa maneno ambayo muuzaji wa soko la Virunga atayafuata bila kusita.

Ujuzi wa namna hiyo sijauona kwenye video. Unatoka katika jiografia, lugha, sosholojia na sheria, na masomo hayo yote yapo vyuoni mwetu, yametenganishwa na ukuta mmoja mmoja.

Ndugu zetu wa Kenya walituonyesha jambo hili. Ushahidi, ramani ya kukusanya taarifa za vurugu, ilijengwa Januari 2008 kwa siku chache baada ya uchaguzi. Wito ulitoka kwa Ory Okolloh, mwanasheria aliyesoma Harvard. Waandishi wa msimbo wakaitikia. Novemba mwaka huohuo chombo hicho kikaletwa kufuatilia vita vya huku kwetu. Mradi huo ulianza na swali la mtu aliyezoea kufikiri juu ya ushahidi, na wenye mikono ya kazi wakawa tayari kulijibu. Pande zote mbili zilihitajika.

Na karatasi yenyewe? Ina thamani, sitaficha. ONG ikitangaza kazi huandika kiwango cha diploma kinachotakiwa, na asiyekuwa nayo hutupwa nje kabla kazi zake hazijatazamwa. Siusifu utaratibu huo. Unawaumiza vijana hodari. Hoteli ya Himbi au ushirika wa kahawa hauulizi diploma, unauliza umetengeneza nini. Kwa hiyo mzazi ambaye mtoto wake tayari ana mashine, wateja na tabia ya kusoma vitabu, simlazimishi. Na mzazi anayefikiria kuuza shamba alipe ada, namwomba kwanza aje atuulize wahitimu wetu wa mwaka jana wamejenga nini, tumfungulie kazi zao mbele yake. Tukishindwa kumwonyesha, asiuze.

Hapa ndipo penye aibu yetu. Mfumo wa LMD (Licence-Master-Doctorat) umeifanya lisansi kuwa ya miaka mitatu, lakini kazi ya mwisho imebaki ileile: hifadhidata ya kusimamia hospitali fulani, picha za skrini, jalada gumu, juri, makofi, kisha kabati. Hospitali inaendelea na daftari zake. Mwanafunzi ameandika msimbo ambao hakuna muuguzi aliyewahi kuugusa, na sisi tumempa alama nzuri kwa usafi wa michoro yake.

Bwana Rekta, naomba jambo moja kabla ya uandikishaji ujao. Kazi ya mwisho ya mwanafunzi wa tovuti iwe hewani, itumiwe na watu wa mji huu kwa muhula mzima kabla ya kutetewa, na juri iifungue kwa simu ya bei ndogo, kwa mega za kununua, si kwa mtandao wa rektorati. Msimamizi wa pili atoke nje ya informatiki. Kundi la kwanza lipewe ukurasa wa kuhama wakati wa mlipuko, kartie zote 18, kwa Kiswahili, na mwanajiografia akae nao mezani kuanzia wiki ya kwanza. Mimi niko tayari kuliongoza kundi hilo, na saa zangu za kufundisha zipunguzwe ikihitajika.